Maziwa Hayafiki Kwenye Mapafu

Afande Opio, rafiki yangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba anachokunywa mtu kinaosha alichokivuta. Uliishi na kosa hilo, na sasa umemrithisha mwanao.

Umenichosha, Afande. Nilifundisha kemia mpaka nikastaafu, na hata wale waliosinzia dawati la nyuma waliishia kuelewa. Wewe hukuelewa. Unakumbuka nilipotoka Mbale kukutembelea Jinja? Ulikuwa umeacha kazi ya magereza, unalinda lango la kiwanda kile cha mabati. Tulikaa kwenye benchi lako. Upepo ukageuka, ukaja kutoka kwenye matangi ya asidi wanamoondolea chuma kutu. Mimi niliwashwa macho kidogo tu. Wewe ulikohoa mpaka kofia ikaanguka.

Nikakueleza pale pale. Hewa yenye asidi si lazima ionekane kama moshi. Ikishafika kwenye unyevu wa njia za hewa, asidi ile inauma. Mwenye pumu njia zake ni nyepesi kukasirika: zinabana, zinavimba, zinajaa ute, na yote hayo kwa dakika chache, huku jirani yake asiye na pumu hasikii kitu. Nikakuambia pia kwamba pua hukamata sehemu kubwa ya asidi hiyo. Kabla sijamaliza lori likapiga honi, nawe ukakimbilia lango mdomo wazi, ukaivuta moja kwa moja mpaka chini.

Uliporudi unahema, uliinua chupa ya maziwa mliyogawiwa asubuhi. "Mwalimu, we nasema mingi! Asidi nakula chuma, maziwa nakula asidi. Kwisha!" Wenzako wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

Maziwa huenda tumboni, Afande. Mapafu yana mrija wake. Kama maziwa yangefika huko, ungezama.

Siku ulipoanguka langoni walikuletea maziwa kwanza. Gari walilitafuta baadaye. Na dawa yako ya kuvuta ilikuwa sandukuni nyumbani, umeitunza isiishe! Huwa nafika hapo nashindwa kuendelea. Sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nakukasirikia wewe.

Sasa sikia yaliyotokea tangu tukuzike hapa chini ya mlima Wanale. Mwanao Akello amepanga chumba Namatala, ukuta mmoja na fundi anayechaji betri za malori. Betri ikichajiwa kupita kiasi inachemka, na mvuke wake unabeba matone madogo ya asidi. Fundi mwenyewe anapiga mluzi siku nzima, hana pumu. Mwanao anayo, ameipata kwako. Kila jioni kifua chake kinalia kama mlango wa zamani, na kila jioni anakunywa maziwa. Dawa ya kuvuta ameiweka kabatini, nyuma ya sahani.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu nilichora mapafu kwa chaki kwenye mlango wake, mirija na kila kitu. Aliangalia akasema, "Mzee, mchoro mzuri. Lakini Baba alikunywa maziwa akamaliza miaka Jinja." Nikajibu, "Hakumaliza." Nami nikaona aibu kwa kumwambia hivyo mtoto aliyefiwa.

Ndiyo maana nakuandikia. Neno lako kwake lina nguvu kuliko chaki yangu, na wewe ndiwe uliyemfundisha maziwa. Mtoto wa jicho ameniharibia macho. Kuandika bado naandika kwa mazoea, lakini kusoma siwezi, kwa hiyo nimemwomba Akello akusomee barua hii kwa sauti, hapa kaburini. Hajui kilichomo. Akifika mstari huu atakuwa amekwisha kujua.

Lala, rafiki yangu. Nimekukosa, hata ubishi wako. Nakuahidi kwamba nikiwa hai, mwanao hatabaki bila pumzi kwa sababu ya maziwa. Chumba cha uani kwangu Nabuyonga kimefagiwa, dirisha linatazama migomba, na hakuna fundi wa betri karibu.

Akello, usiache kusoma. Hili ni lako: itoe dawa nyuma ya sahani, uitie mfukoni, ukunje godoro lako, uje leo.