Mtani Niliyempata Chipata

Nyumba ya Vijana, Parokiani,
Chipata, Zambia.
18 Agosti 2024.

Mpendwa Mjomba Kasimiri,

Shikamoo, Mjomba. Mguu unaendeleaje, na baridi ya Nyandira mwezi huu? Mama Kelvin bado anakufokea usipovaa sweta? Afadhali akufokee! Mimi ni mzima. Kikohozi kimepona na ugali nakula, ingawa hapa wanauita nsima, na ukila kidogo wanakununia.

Kwanza kabisa, asante. Mama alishagoma nisije. Ila kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na wewe ulisema niende na vijana wenzangu wa parokia nikaone watu wengine wa Mungu. Nimewaona, Mjomba.

Mchana tunapaka rangi zahanati, jioni tunaimba na watoto. Siku tuliyofika wazee walipiga makofi taratibu, na mimi mjinga wako nikadhani tunashangiliwa. Nikapunga mkono kama mgombea ubunge! Kumbe ndiyo shikamoo yao. Walicheka mpaka wakajishika mbavu, halafu wakanifundisha kupiga goti na kuitikia kwa makofi. Sasa najua.

Ndipo ikaja simu yako kuhusu Bibi Paskalia. Usijilaumu kwa kuniambia nisirudi, nisingewahi mazishi. Lakini niliumia jamani. Bibi aliyenilea anazikwa, na mimi sipo hata kumtupia udongo kidogo. Wenzangu walinisomea zaburi, wakaninong'oneza maneno mazuri, chozi likagoma kabisa. Nilikuwa nimekauka.

Sasa sikia. Huku Wangoni na Wabemba wanataniana hata msibani, kama sisi na watani wetu. Mama Mulenga, Mbemba aliyeolewa hapa jirani, akasikia kuna Mluguru kafiwa na hana mtani. Akaingia chumbani na sufuria kichwani, akachukua kanga yangu mpya akajifunga, akatangaza kwamba kuanzia leo mtani wangu ni yeye. Eti Bibi amekufa makusudi, kachoka kusikia ninavyoimba! Wenzangu waliokulia mjini, wasiojua utani wa msibani, walikasirika, wakataka kumtoa nje. Nikawaambia mwacheni. Nilicheka, Mjomba, nilicheka weee, kicheko kikageuka kilio, akanilaza mapajani pake akalia na mimi. Hakuombwa na mtu. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule. Kanga hakurudisha, na wala sikumwuliza.

Kikabaki kitu kimoja kilichoniuma: Bibi kaondoka, na mimi mjukuu wake sijamfanyia lolote. Jumapili padri akamtaja kwenye misa, katikati ya marehemu wao wenyewe, Paskalia wa Mgeta. Kina mama wakapiga magoti wakamwombea kwa Kinyanja, watu ambao hawajamwona hata kwenye picha. Sikuelewa kitu, isipokuwa neno moja walilolirudia. Mungu wanamwita Mulungu, Mjomba, vile vile Bibi alivyokuwa akimwita kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Nikalia tena, safari hii kwa furaha. Bibi hakuhitaji mkalimani.

Nisalimie Mama, umwambie sijakonda. Nisalimie Mama Kelvin, na mdogo wangu Simon, umwambie aache kuninunia kwa kumwacha nyumbani. Mungu aliyetuweka mbali mbali atukutanishe salama, na Bibi yetu apumzike.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye na kukushukuru,

Brenda