Kidhibiti Joto Hakina Pua

Jumatatu. Mawingu tangu asubuhi, Mlima Meru haujajitokeza hata kidogo, na manyunyu yanaanza na kukatika. Sina huzuni. Sina furaha pia. Nyumba iko kimya, chai imepoa, ndiyo maana naandika.

Jumamosi tulikuwa na ibada ya shukrani ya mama mkwe. Wote tunamwita Yeyo, hata mimi niliyetoka upande wa Wameru, kwa sababu ndivyo wanawe wa Kiarusha wanavyomwita mama yao. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akalala kitandani muda mrefu hadi tukaanza kusema naye kwa sauti ya chini. Sasa anatembea na mkongojo na anagombana na kila mtu kama zamani. Mchungaji alikuja, majirani wa hapa Sakina wakaja, ndugu wakashuka kutoka milimani. Kazi yangu ilikuwa nyama.

Kwenye familia hii nyama ni kazi yangu. Nyuma ya nyumba tuna jiko la moshi, pipa la mafuta ambalo mume wangu alimpelekea fundi wa kuchomelea hapo barabarani, akalikata, akalitia mlango, wavu na bomba. Mkaa na kuni vinakaa upande mmoja, nyama upande mwingine, na moto hauigusi. Inaiva kwa moshi tu, polepole, karibu siku nzima. Zamani nilikuwa nakaa pembeni yake kwenye kigoda, nafungua tundu la hewa, nafunga, nanusa. Elimu yangu yote ilikuwa puani. Moshi ukiwa mzito unanuka masizi, na nyama itakuwa chungu. Ukiwa mwembamba unanukia, na unaweza kwenda kufanya mambo mengine kidogo. Niliweza kujua mbavu zimefika wapi nikiwa chumbani natandika kitanda.

Tangu mafua ya wakati wa masika sisikii harufu.

Hii ni mara ya kwanza kuiandika. Mafua yalipona, pua ikafunguka, hewa inapita vizuri, ila haibebi kitu. Chakula kimebaki chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ukali wa pilipili. Ndizi na viazi navitofautisha kwa meno. Hakuna maumivu. Ni kama kuangalia harusi kwenye televisheni iliyozimwa sauti: unaona watu wanafurahi, unajua wanachofurahia, basi.

Sikumwambia mtu. Mwanzoni nilidhani itarudi yenyewe. Baadaye nikawa nimechelewa kusema, na kila wiki iliyopita ilifanya neno lenyewe liwe zito zaidi. Halafu kulikuwa na hili la nyama. Watu wakija hapa wanasema mkono wa Mama Elia hauna mpinzani. Nikisema sisikii harufu, watakula huku wananihurumia. Sikutaka hivyo.

Kidhibiti joto kilikuja wakati mwafaka. Mume wangu, Baba Elia, ni dereva wa watalii, na kuna mgeni wake mmoja anayekuja kila mwaka. Safari hii mgeni alileta kiboksi cheusi chenye feni ndogo na nyaya mbili. Feni unaifunga kwenye tundu la hewa la pipa. Waya mmoja unaubana kwenye wavu ili upime joto la ndani, mwingine una sindano ya chuma unayochoma katikati ya nyama. Unakiambia unataka nyuzi mia na kumi, nacho kinakaa hapo. Joto likishuka feni inapuliza mkaa, likipanda inanyamaza. Vyote unavisoma kwenye simu. Baba Elia aliniletea akakiweka mezani, akasema tu, "Sasa utapumzika."

Nilipumzika kweli. Nilianza kupika kwa namba, na nyama ikatoka laini kuliko wakati ule wa kunusa. Watu walisifu. Nilizipokea sifa kama mtu anayepokea mzigo wa jirani: naweka pembeni, mwenyewe akija nitampa.

Basi, Jumamosi.

Kuni zangu ni za miti ya kahawa, magogo ya mibuni ya zamani yanayong'olewa huko kwetu Tengeru. Ijumaa zilikuwa zimeisha na sikuwa na muda wa kwenda. Nikanunua fungu kwa muuzaji mmoja wa njiani. Nilimuuliza ni mti gani. Akasema, "Mparachichi, mama, mkavu kabisa." Zilikuwa zimebanduliwa magome, zimepasuliwa vizuri. Nikabeba.

Kulipokucha niliwasha mkaa, nikaweka vipande vya kuni juu, nikafunga mlango, nikachoma sindano kwenye paja moja la nyama. Namba zikapanda zikatulia. Macho yaliniwasha kidogo nilipoinama. Nikasema ni moshi, na moshi ndiyo kazi yake. Nikaingia ndani kusaidia kumenya ndizi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mia na kumi. Mia na tisa. Mia na kumi. Sijawahi kuwa na asubuhi tulivu kama ile siku ya wageni.

Nilipokata kipande kuonja, kilikatika chenyewe. Chumvi ilikuwa sawa. Nilihisi ubaridi kwenye ulimi, nikadhani kipande kimepoa.

Mchungaji aliomba, Yeyo akashukuru kwa Kiarusha na Kiswahili, tukapakua. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi, kama nilivyozoea, kuangalia watu wanavyokula. Mchungaji alitafuna akasita, kisha akaendelea taratibu sana. Mama mmoja wa kwaya alisukuma nyama chini ya ndizi. Yeyo aliinama akainusa sahani yake, akamtazama jirani yake, wakaacha kutazamana. Baba Elia peke yake alimaliza, akaninyanyulia sahani, akaomba nyongeza.

Nikamwongeza. Nikarudi mlangoni.

Wifi yangu Ndeshi, mdogo wake Baba Elia, alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya nyumba.

"Wifi, umeweka nini kwenye nyama?"

"Chumvi na pilipili manga. Kama siku zote."

"Mbona inanuka dawa ya mafua? Ile ya kumpaka mtoto kifuani. Yote inanuka hivyo."

Aliinama kwenye rundo la kuni, akaokota kipande, akakiweka puani akakiondoa haraka.

"Huu ni mkaratusi! Wifi, ulipikaje nyama kwa mkaratusi? Hata mlevi angejua."

"Sisikii," nikasema.

"Husikii nini?"

"Harufu. Yoyote. Tangu yale mafua."

Alinitazama. Akachukua kile kipande akakiweka chini ya pua yangu, karibu kabisa, akangoja. Machozi yalinitoka kwa ule ukali. Harufu haikuja. Ndeshi alisema, "Mungu wangu," halafu akacheka, halafu akaziba mdomo kwa mkono na kuniomba radhi. Nilimwambia acheke tu. Nilikuwa najiona kwa mbali, mwanamke mwenye aproni amesimama kando ya pipa, na kusema kweli alichekesha.

"Kaka anajua?"

"Hajui."

Ndeshi alipiga simu kwa wachoma mbuzi wa pale barabarani, akasema anataka nyama yote iliyo tayari, na bodaboda wawili. Kisha akaingia sebuleni, nikamsikia akisema kwa sauti ile anayotumia kwenye vikao vya ukoo, "Jamani, msamaha. Kuni nilinunua mimi, nikaletewa mkaratusi. Mwenye kifua amalizie, wengine subirini kidogo, mbuzi yuko njiani." Watu walicheka mpaka kikohozi. Yeyo alisema sasa anaelewa kwa nini pua yake imezibuka. Shukrani ikaendelea.

Nilibeba masinia yangu nikayaweka jikoni. Nyama nyingi ilikuwa imebaki. Sikulia. Nilisimama naitazama simu, ambayo bado ilikuwa inaonyesha mia na kumi, kwa sababu pipa lilikuwa linaendelea na kazi bila kitu ndani. Nikakizima kile kiboksi.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado lipo. Baba Elia alivua shati la ibada, akavaa lile la kazi, akaanza kusugua wavu nje na brashi ya chuma. Nilikaa kwenye ngazi.

"Kwa nini ulikula?" nikamuuliza.

"Niliona unaniangalia."

"Ungesema."

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Aliendelea kusugua. Nilidhani amemaliza, maana si mtu wa maneno mengi; maneno yake yote anayatumia kwa watalii. Lakini akaendelea, mgongo ukiwa kwangu.

"Unakumbuka niliporudi kutoka Serengeti, ile safari ambayo kambini hapakuwa na maji? Siku zote nikirudi hunisalimii. Unaninyooshea kidole niende bafuni. Miaka yote hiyo. Siku ile ukanikumbatia pale mlangoni." Akageuza wavu upande wa pili. "Mwanzoni nilifurahi. Nikasema mke wangu leo amenikumbuka kwelikweli. Kesho yake maziwa yakaungulia jikoni, moshi mpaka sebuleni, wewe umekaa kwenye kochi unashona kifungo. Umeyapa mgongo. Ndipo nikajua."

"Na hukusema."

"Nilijua hutaki. Na nilijua hutaacha kupika. Nikamwandikia yule mgeni, nikamuuliza kama huko kwao kuna kitu kinachoweza kuangalia moto."

Kuna mambo mengine niliyoyaelewa pale kwenye ngazi, moja baada ya jingine, bila haraka. Kwamba miezi hii amekuwa akifunga mtungi wa gesi kila usiku, nami nilidhani amekuwa mwoga uzeeni. Kwamba alihamisha galoni la petroli kutoka stoo kwenda kwenye banda la gari. Kwamba ananiuliza kila mara nyama ya kwenye friji ni ya lini. Niliona ni uchoshi. Siku moja nilimjibu vibaya.

Nilikasirika kidogo, nikiwa mkweli. Nilikuwa nimejenga ukuta wangu kwa uangalifu, kumbe mtu alikuwa ndani yake muda wote, anafunga gesi.

"Umeoga leo?" nikamuuliza.

"Baada ya kusugua yote haya? Bado."

"Nenda kaoge."

Akaweka brashi chini, akaenda. Nilimsikia bafuni akipiga mluzi.

Jana kanisani watu walinisalimia kama kawaida. Mama wa kwaya alinishika bega akasema kifua chake kimekuwa chepesi. Tukacheka wote wawili. Baada ya ibada nilikaa na Yeyo barazani kwake nikamwambia mwenyewe, maana sikutaka Ndeshi aendelee kubeba kuni ambazo hakununua. Yeyo alinisikiliza hadi mwisho. Hakunipa pole. Aliuliza nitajuaje maziwa yakichachuka. Nikasema nitaonja, uchachu bado nausikia. Akasema sawa, ila mtoto akijinyea itabidi mtu mwingine aseme. Nikamkumbusha kwamba Elia yuko kidato cha tatu.

Leo asubuhi Baba Elia aliondoka na wageni kwenda Tarangire. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, akanisubiri kwenye gari, kisha akanirudisha. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika, akauliza maswali, akasema mishipa ya kunusa huumia kwa mafua ya namna ile. Kwa wengine inapona, kwa wengine haiponi, na hana namna ya kunihakikishia. Akanipa mazoezi. Kila asubuhi na jioni ninuse vitu vinne, kimoja kimoja, bila pupa, huku nikijaribu kukumbuka kila kimoja kilivyokuwa.

Sikumuuliza mengi. Nilimshukuru.

Nimevipanga mezani kwenye visosa: ganda la limau, iliki iliyopondwa, majani ya mchaichai, karafuu. Nimefunga mlango, nikajiona mjinga, nikaufungua tena.

Limau: hakuna. Nilikumbuka juisi, nilikumbuka mikono ya mama akikamua, lakini puani ilikuwa hewa tu.

Iliki: hakuna.

Mchaichai: hakuna. Jani lilinikuna pua, nikapiga chafya.

Kwenye karafuu nilisita. Nikaiweka chini, nikasubiri, nikainua tena. Kulikuwa na kitu, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Au hakikuwepo, na ni mimi tu niliyekuwa nakumbuka karafuu, kama daktari alivyoniagiza.

Nimeinusa tena sasa hivi, kabla ya kuandika sentensi hii. Bado sijui. Ninajiuliza mtu hutofautishaje kusikia na kukumbuka, na kama kuna siku nitakuwa na hakika ya kutosha kumpigia Baba Elia simu huko porini na kumwambia.

Jioni nitaanza tena na limau.