Dawa ya Wadudu ya Mama Paulina

Alhamisi. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye chai. Nimerudi kutoka kijiji cha Gendabi nikakaa kitandani, na tangu hapo sijafanya kitu.

Leo nimeshindwa, shajara. Naandika hapa kwa sababu nikimpigia mama kule Kigoma ataniambia niache kazi nirudi nyumbani, na leo ningekubali.

Mzee Gidamuda ni mfugaji. Jirani yake, Mama Paulina, analima mahindi na maharage. Mama Paulina ana ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo anafugwa kwa mzee. Ndivyo wanavyofanya huku: unampa rafiki yako ng'ombe akufugie, yeye anakunywa maziwa, na mkikubaliana, ndama mmoja anakuwa wake. Huyu aliyezaliwa juzijuzi ndiye wa mzee. Kwa ajili ya ng'ombe huyo wanaitana ndugu.

Jana kupe walimzidi ng'ombe huyo na ndama wake. Mzee akaenda kuomba dawa ya wadudu, na Mama Paulina akampa dawa ya wadudu.

Ya kupuliza mahindi.

Nimlaumu nani? Kupe naye si mdudu? Mzee akatia maji kidogo tu ili iwe kali, akawapaka wote wawili, ng'ombe na ndama.

Leo asubuhi akanipigia. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Dokta, wanakosa pumzi."

Niliwakuta wamelala, mate yanachuruzika, mbavu zinakwenda mbio, kila pumzi inatoka na mluzi. Nikajua hapohapo. Chuoni tuliwahi kuning'iniza kipande cha bomba la hewa la mbuzi ndani ya maji ya chumvi, tukaishtua mishipa yake ya fahamu kwa umeme kidogo. Msuli ukabana, kisha ukalegea. Unalegea kwa sababu kuna kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa mshipa ukishafika. Halafu mwalimu akatia tone la kitu kinachokizuia kimeng'enya hicho, kama ifanyavyo dawa ile ya mahindi. Umeme ni uleule, lakini safari hii msuli ulibana zaidi na haukutaka kuachia. Tukaandika, tukaenda kula.

Leo msuli ule ulikuwa ndani ya ng'ombe anayenitazama.

Tuliwaosha kwa sabuni na maji mengi. Dawa ya kuufanya msuli usisikie ule ujumbe ni atropini, nami nilikuwa na chupa moja, chini ya nusu. Kwa ng'ombe mzima isingefika popote. Kwa ndama, pengine.

"Mchome ng'ombe," mzee akasema. "Yule si wangu. Nitamtazamaje huyu mama?"

"Mchome ndama, dokta," akasema Mama Paulina. "Dawa nilitoa mimi."

Wakabishana hivyo, kila mmoja anamtetea mnyama wa mwenzake, na mimi katikati nimeshika sindano. Nilitamani mmoja wao awe mchoyo, nipate wa kumkasirikia.

Nikamchoma ndama. Nikaeleza sababu kwa ile sauti yangu ya ofisini, ambayo naichukia. Baada ya muda mluzi ukapungua, ndama akainua kichwa. Ng'ombe alikufa huku Mama Paulina amemshika pembe, anamwambia pole kwa Kiiraqw. Mzee aligeukia boma akalia bila kujificha. Mimi nilijifanya naosha mikono.

Kuna jambo sikuwaambia. Atropini inaisha mwilini kabla sumu haijaisha. Ndama atahitaji kuchomwa tena, na tena, na chupa yangu haina kitu. Nimepiga simu maduka ya dawa za mifugo Katesh, hakuna. Mbulu, hakuna. Muuzaji mmoja akaniambia nijaribu wiki ijayo. Wiki ijayo! Nilimkatia simu, sikumuaga.

Niliwaambia tu, "Kukiwa na shida mnipigie." Kana kwamba nina kitu cha kuwapa.

Simu imeita sasa hivi. Ni mzee. Mluzi umerudi, nimeusikia mwenyewe nyuma ya sauti yake.

Hakuniuliza kama nimepata dawa. Ameuliza kama nitakuja.

Nimemwambia nakuja. Naenda kufanya nini, sijui, ila siwezi kumwacha yule mzee akae peke yake na sauti ile.