Kwa Mzee Erot, Fundi wa Akala: Tukuletee Tumbaku au Tusikuletee?

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka ukiwa huna sauti hata ya kutuaga. Jumamosi hii, baada ya sala, tunakuja kaburini kwako hapa Ngaremara, na hatujui tuje na nini mkononi.

Mila unaijua kuliko sisi. Mzee akishalala, watu wake wanapomtembelea humwekea tumbaku juu ya mawe ya kaburi, wakampa habari za nyumbani. Wewe mwenyewe ulimwekea baba yako, ukatufundisha tungali wadogo. Lakini baba yako aliondoka kwa uzee. Wewe umeuawa na tumbaku yenyewe. Sasa tukuwekee? Tumechanganyikiwa, Baba, na mtu wa kumuuliza mambo kama haya alikuwa wewe.

Kwanza watu wajue ulikuwa nani. Ulikuwa fundi wa akala. Kwa miaka zaidi ya thelathini ulikaa kando ya barabara kubwa, kwenye kibanda chako cha mabati, ukikata matairi ya lori kwa kisu kilichonolewa mpaka kikabaki chembamba kama kidole. Hukuwa na kipimo. Mtu alikanyaga mchanga, ukatazama unyayo wake, ukamwambia aende akanywe chai. Akirudi, viatu viko tayari.

Watoto wa shule hukuwatoza kitu. Mtoto akipita na kiatu kinachocheka, ulimketisha, ukakishona, kisha ukamfukuza kwa kelele ili asianze kukushukuru. Hukupenda kushukuriwa. Ulipenda ugali wa moto, redio yenye betri mpya, na sigara.

Sigara ulizipenda, tusidanganyane. Moja mdomoni, nyingine nyuma ya sikio ikingoja zamu yake. Ulipotaka kuwasha ulipaza sauti, "Akadeli, niwashie!" na mimi binti yako nikakimbia jikoni, nikaigusisha kwenye kaa la moto, nikavuta mara moja ili isizime njiani. Nilikuwa na miaka saba. Nilipokua nikachoka kutumwa, kazi ikamwangukia mdogo wangu Ewoi. Mimi ilinichoma koo, nikaichukia. Ewoi haikumchoma.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila nyumba tuliyoijua mtoto aliwashia mzee wake, na mwenye miguu myepesi alisifiwa mbele ya wageni.

Kikohozi kilipoanza tulilaumu vumbi la barabara. Kisha tukalaumu harufu ya matairi, kisha baridi ya Julai. Mama alikuchemshia supu ya mbuzi yenye mizizi michungu, ukanywa huku umekunja uso, ukaomba kiberiti. Tulilaumu kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mdomoni mwako.

Na hapa nakiri kosa letu, hasa langu mimi. Kwetu mtu haendi kumwona mzee mikono mitupu. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi nilipotoka Bulla Pesa ninakoishi, nilikuja na sukari ya mama na pakiti yako. Ulipougua wageni waliongezeka, na kila mmoja alikuja na heshima yake: sigara, tumbaku ya kutafuna, ugoro kwenye karatasi. Tulipokea kwa mikono miwili, tukapanga kando ya mto wako wa kulalia. Daktari alipotuambia ni saratani ya koo, na kwamba imeletwa na sigara za miaka yote hiyo, mkoba wangu ulikuwa mapajani. Pakiti ya wiki hiyo ilikuwa ndani.

Akampima mama pia, kwa sababu alimsikia akihema. Mama hajavuta sigara hata siku moja. Daktari akasema kifua chake kimeumia kwa moshi wako. Mama alicheka, akidhani ni utani wa watu wa mjini. Mpaka leo akipanda kale kamlima ka kisimani anapumzika mara tatu, na hataki tukutaje katika jambo hilo.

Mwishoni, sauti ilipokwisha, ulikuwa unaweka vidole viwili mdomoni. Tulielewa. Mimi nilikataa, ukageukia ukuta. Ewoi akakuwashia, akakushikia, ukavuta mara mbili, ukakohoa mpaka machozi, kisha ukampapasa kichwa. Mimi hukunipapasa. Mwaka mzima najiuliza ni nani kati yetu aliyekupenda vizuri. Kuna siku nakuonea hasira wewe, kuna siku najionea mwenyewe, na kuna siku nasimama dukani nikitafuta pakiti yako kwa macho kabla sijakumbuka kwamba hupo.

Mazishini watu walijaa. Vijana wa bodaboda uliowashonea viatu wakiwa shule ya msingi walilia, tena walilia kweli. Halafu wakajitenga nyuma ya ua, wakawasha sigara moja, wakapokezana. Sikujua kama niwafukuze au niwakumbatie.

Wiki iliyopita tuliketi kupanga Jumamosi. Baba Mkubwa Lokorio, kaka yako, ndiye aliyeanza.

"Erot lazima apewe etaba," alisema. Ndivyo anavyoiita tumbaku, kwa Kiturkana, hata akiongea Kiswahili.

"Hiyo kitu ndiyo iliua yeye, Baba Mkubwa," nikamjibu.

"Iliua mwili. Mwenyewe bado anataka. Ama unataka akuje kusumbua watoto kwa ndoto?"

"Basi tumpelekee maziwa."

"Maziwa ni ya kila mtu. Etaba ni ya mzee. Ukimnyima, umemwambia yeye ni mtoto."

Mama alikusanya vikombe akatoka, na wewe unajua mama akinyamaza ujue bado anapika jambo kichwani.

Juzi asubuhi, nikiwa nimekuja kusaidia maandalizi, mama alikuwa anakamua mbuzi. Nyuma ya nyumba mtu akakohoa, kile kikohozi kirefu kinachoanza kama kusafisha koo, kisha kinakataa kuisha. Mama akaweka kibuyu chini, akaita, "Erot! Chai inapoa!" Akazunguka nyumba haraka, anatabasamu. Nilimwona uso. Alimkuta Ewoi, ameinama, mkono mmoja ukutani, sigara kwenye mkono wa pili.

Mama alisimama pale mpaka kikohozi kikapita. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Jumamosi tutaweka etaba," akasema. "Lokorio amesema ukweli. Huyo mzee apewe heshima yake, haiwezi kumuumiza tena. Lakini hakuna mtu ataenda duka. Itatoka kwa mfuko yako, Ewoi. Yote. Na ukitoka kwa kaburi, usirudi nayo hapa kwangu."

Ewoi akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nitajaribu, mama."

Nitajaribu. Baba, hilo ndilo neno ulilomjibu mama kila Mwaka Mpya alipokuomba uache kuchoma pesa kwa sigara, na kila mara ulikuwa unamaanisha. Ndiyo maana linanitia hofu.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba tunakuja na tumbaku. Sina hakika kama ni sawa. Mama ana hakika, na Baba Mkubwa amefurahi, ingawa si kwa sababu moja na mama. Ninachojua ni kwamba Ewoi atasimama mbele ya mawe yako na pakiti mkononi, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kama ataiachilia. Ukimwona anasita, Baba, msaidie. Sisi hatukuweza kukusaidia wewe.

Marafiki wote mnakaribishwa. Safari hii njooni mikono mitupu, tafadhali. Hatutawahesabu kuwa mmekosa adabu.

Unakumbukwa na mkeo Asinyen, kaka yako Lokorio, binti yako Akadeli, mwanao Ewoi, wajukuu wako wanne, na kila aliyewahi kutembea barabara hii akiwa na kazi ya mikono yako miguuni.

Tutakukumbuka daima, Baba. Ewoi tuachie.