Mama Mkwe Alipoulizwa Jina Langu

Biharamulo, mvua tangu asubuhi

Mpenzi Verena,

Nakuandikia nikiwa hospitalini, lakini usishtuke, mama yako ni mzima. Lori lililotupa lifti lilikuwa limeshusha mahindi kwenye kambi ya wakimbizi, likawa linarudi tupu na kuruka kila shimo. Akagonga kichwa kwenye bodi, akapoteza fahamu kidogo.

Daktari alipomtoboa kidole nikafurahi, nikijua damu itasema yote.

"Damu inanieleza malaria tu," akasema. "Ya kichwa hainiambii. Kingekuwapo hapa kipimo cha kichwa, nisingemsumbua mama kwa maswali."

Akauliza siku, mama akajibu. Akauliza mahali, akajibu. Ndipo akaninyooshea kidole mimi: "Na huyu ni nani?"

Mama yako akajifunika kitenge, akatazama ukuta, kimya. Daktari akakunja uso, akaanza kutafuta gari la kumkimbiza Mwanza. Nikamweleza kwamba kwenu mkwe hatazamwi wala hatajwi jina, hata kichwa kiwe kizima namna gani.

"Basi wewe toka nje."

Nikatoka, ila sikio nililiacha mlangoni.

"Ni Filbati, mume wa binti yangu," nikamsikia. "Anaongea mno. Lakini tangu nikimbie vita, kwake nakula kama kwangu. Usimwambie nimemtaja."

Atalala hapa leo wamwangalie, kesho tunaondoka. Nilipoitwa ndani nikajifanya sikusikia kitu, nikamwekea uji mezani, nikageukia dirisha kwa heshima. Na kwa machozi pia, usiwaambie watoto.

Nimewakumbuka nyote,
Filbati wako