Jumbe Juu ya Punda

Misigiri, Iramba

Kaka yangu Peniel,

Shikamoo. Wifi naye mpe shikamoo yangu. Mnaendeleaje huko Mitundu, na mguu wako umekubali dawa? Sisi wazima, mtama umetoka vizuri, ila mimi silali. Nimeandika kwa sababu nikitaja jambo hili kwenye simu unakata.

Kaka, mpwa wako Scola ni mwalimu hasa. Sijigambi, ingawa mwalimu mkuu mwenyewe alisema hajaona darasa la nne linalokimbilia historia namna ile. Aliwatuma watoto wakawaulize wazee habari za wakati wa Mwingereza, waandike walichosikia, kisha wachore. Rangi hakuna, wakatumia udongo mwekundu, mkaa na majani, wakabandika ukutani kwa uji mzito. Nilikwenda kuangalia nimevaa kitenge changu cha harusini, nikawaambia wazazi wote kuwa huyo nimemzaa mimi, niliyeishia la saba.

Balaa lilitoka kwenye picha ya Damari, kitukuu wa Bibi Rukaiya jirani yangu. Amechora jumbe juu ya punda, nyuma yake wanaume wamefungwa kamba moja. Chini ameandika kwamba waliokosa kodi ya kichwa walipelekwa kukata mkonge, na baba yake bibi hakurudi.

Gervas, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipoiona akawaka, maana babu yake naye alikuwa jumbe. Alisema Scola anafundisha watoto kutukana makaburi ya watu. Abandue picha zote na aombe radhi, la sivyo atampeleka wilayani kama mchochezi. Na Scola bado hajathibitishwa kazini! Alimjibu kwa adabu kwamba hawezi kumwambia mtoto kuwa bibi yake ni mwongo. Nilimsifu mbele ya watu, kisha nikaenda jikoni kulia. Sasa hali chakula, na nguo zake ziko kwenye begi.

Kwenye kikao cha wazazi nilishindwa kukaa. Kaka, nililisema lile alilotukataza baba. Nilisema jumbe wa punda si babu yake Gervas, ni babu yetu Alute, ndiye aliyewafunga wale watu. Unajua walifanya nini? Walicheka. Gervas akasema hata kuku hujivimbisha mbele ya mwewe akiwa na vifaranga, na kwamba mimi nimeolewa, wazee wa kwetu hutajwa na mwanaume wa ukoo. Hapo hakukosea. Mwenye kuwataja ni wewe.

Nikaenda kwa Rukaiya na debe la mtama. Mtama aliukataa. Akasema habari za babu yetu anazijua tangu utoto wake, ila kwa ajili yangu hakumtajia Damari jina lake, tusije tukashindwa kuazimana chumvi. Anachotaka ni kimoja tu: mwanaume wa nyumba yetu asimame mbele ya watu alitaje jina la Mughwai, baba yake Rukaiya, na aseme nani alimfunga.

Kikao kingine ni Ijumaa. Njoo, kaka, nakushika miguu. Usipokuja mwanangu atafukuzwa kwa kuufundisha ukweli wa nyumba yetu, na mimi nitabaki hapa nikipita mlangoni kwa Rukaiya kila siku.

Wasalimie watoto na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akutangulie njiani, maana kitanda nimeshakutandikia.

Mdogo wako,
Asnath, Mama Scola