Karafuu Tatu Chini ya Kidevu

Dar es Salaam, 14 Januari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, nakula. Salhiya wa mlango wa pili mpe salamu kabla hajakuuliza nimeandika nini. Najua simu huitaki, unasema ni sauti isiyo na uso, basi safari hii nakuletea uso wenyewe. Mudrik wa kwenye boti atakukabidhi mkononi.

Usishtuke ukifungua. Ni kinyago cha plastiki chenye matundu. Wagonjwa wanaotibiwa kichwa na shingo kwa mionzi huvalishwa, kikabanwa kwenye meza ili wasitikisike. Plastiki huchovywa kwenye maji ya moto ikalainika kama donge la chapati, hutandazwa usoni, na ikipoa imeshakuwa sura yako. Sisi wanafunzi tumefanyiana wenyewe kwa wenyewe ili tujifunze. Wenzangu wamevitupa vyao. Wewe ulisema unaanza kuusahau uso wangu.

Mwanao,
Khairat

Kiponda, Unguja, 3 Februari 2024

Mwanangu Khairat,

Marahaba. Sijambo, ila roho yangu bado haijatulia. Nilipofungua mfuko nilipiga ukelele mpaka Salhiya akaja mbio na mwiko mkononi. Uso wako, mwanangu, umefumba macho, mweupe! Watu huletewa vitenge.

Nimekiweka kwenye kidaka cha ukutani, nimekifunika kanga. Juzi nilikuhamu sana, nikalala chali nikakivaa. Kilinibana mashavu, nikacheka peke yangu. Wewe na mimi sura moja, ila mimi nimeshiba zaidi.

Nakuuliza jambo. Kila nikikitoa asubuhi, ndani kina unyevu, kana kwamba mtu alikuwa akipumua humo. Ulipotengenezewa ulilia?

Mama yako

Dar es Salaam, 10 Februari 2024

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kukushtua. Nimecheka mpaka nikatokwa na machozi. Sikulia. Unyevu huo ni wa kuta zetu za mawe, kila kitu ndani ya nyumba ile kina ukungu.

Nina habari njema. Mkufunzi wetu, Bi Zuleikha, amenipa utafiti wangu mwenyewe. Wapo wanaosema utafiti ni kazi ya madaktari, sisi tubonyeze vitufe tu. Bi Zuleikha kawajibu kwamba daktari humwona mgonjwa mara moja kwa wiki, sisi tunamlaza mezani kila siku. Basi napima nafasi iliyopo kati ya uso na kinyago. Mgonjwa akikonda kinapwaya, na mionzi inaweza kukosea pahala. Nina daftari zima la namba.

Khairat wako

Kiponda, 28 Aprili 2024

Mwanangu,

Natumai Idd ilikupitia kwa kheri. Sisi wazima, alhamdulillahi. Nimekawia kuandika kwa sababu sikutaka unione nimerukwa na akili.

Kinyago chako kinakua.

Usicheke. Mwezi wa pili kilinibana. Mwanzo wa Ramadhani kilinikaa sawasawa. Sasa nikikivaa kinacheza, na chini ya kidevu pana nafasi. Nimemwita mwalimu akakisomea Yasini. Nimekihamishia sandukuni, nikafunga kwa ufunguo. Nikifungua kimezidi ukubwa, na kina unyevu vilevile. Salhiya anasema kimepata mwenyewe, jini kakikalia. Niambie ukweli, mwanangu, humo mnawalaza watu gani?

Mama yako

Dar es Salaam, 5 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Tunawalaza watu kama sisi, wana watoto na wana madeni ya sala. Na plastiki ile ikishapoa haikui. Ingekuwa inakua, wagonjwa wote wangeumia na mimi ningefukuzwa.

Nataka tukipime kinyago, maana neno halina ushahidi bila namba. Rula usiitafute, tumia karafuu kavu. Lala chali, kivae, kibane kwa mkono, kisha pitisha karafuu ubavu ubavu chini ya kidevu. Hesabu zinapita ngapi zikipandana. Fanya kila Ijumaa na uandike.

Khairat

Kiponda, 9 Juni 2024

Mwanangu,

Nimefanya ulivyosema, na Salhiya alishuhudia huku amejifunika macho. Ijumaa ya kwanza ilipita moja. Ya pili moja, ikalegea. Ya tatu mbili. Juzi zimepita tatu.

Sasa amini. Mwalimu anasema tukakitupe pangoni Mangapwani. Mimi siwezi. Ni uso wako, nitautupaje?

Mama yako

Dar es Salaam, 11 Juni 2024

Mama,

Nimeisoma barua yako nimesimama, bado nimevaa nguo za kazi.

Nikafungua daftari langu. Namba zako ninazo humu. Ninazo za mzee mmoja wa Mkokotoni na za mama mmoja wa huku, zinapanda hivyohivyo, moja, mbili, tatu. Mama, kinyago hakikui. Uso wako ndio unaopungua.

Unakula nini? Unameza vizuri? Shika shingo yako, chini ya taya, pande zote mbili. Niambie unachokigusa na usinifiche. Mimi nilikuficha: nililia, mama. Waliponifunika kwa ile plastiki sikuweza kufumbua macho wala kufungua mdomo, nikaona nimezikwa. Sijui unyevu ule unatoka wapi. Ule siwezi kuueleza.

Nimeomba ruhusa. Nijibu kwa boti ya kwanza.

Khairat

Kiponda, 2 Julai 2024

Mwanangu,

Umenikamata. Upo uvimbe, mgumu kama kokwa ya tende, tangu kabla ya Ramadhani. Hauumi, nikauachia Mungu. Nameza uji tu, nikasingizia saumu. Barua zako mbili za baadaye nilizipata nikazikalia.

Naogopa. Nikiweka sikio kwenye sanduku nasikia pumzi. Nikilala kwenye meza yenu, huyo anayepumua si atanijua kuwa ndimi niliyemfungia?

Lakini ukija kunichukua sitajificha. Kanga zangu nimeshazikunja.

Mama yako

Kiponda, 20 Mei 2025

Mwanangu Khairat,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii si neno la kuanzia barua tu. Mate bado machache, urojo nakula bila pilipili, lakini nakula. Nitarudi kwa daktari mwezi wa nane, na sijui atasema nini.

Sijawahi kukwambia. Wiki zote zile za mionzi huko kwenu, uliposimama nyuma ya kioo, kwa kuwa kanuni haziruhusu mtoto kumtibu mamake, nilikuwa nimefumba macho ndani ya kinyago changu na nikisikia mtu wa pili akipumua humo pamoja nami. Siku ya tatu niliacha kuogopa. Nikawa napumua naye.

Leo baada ya Alfajiri nimekitoa chako sandukuni nikalala chali. Karafuu tatu hazikupita. Mbili hazikupita. Moja nimeisukuma mpaka ikavunjika kichwa. Nimekuwekea ndani ya bahasha, iingize kwenye daftari lako.

Unyevu ulikuwepo, kama kawaida. Salhiya anataka tumwite mwalimu tena, nimemwambia aache. Nimekipangusa kwa upindo wa kanga, macho kwanza, kisha mashavu, kama nilivyokuwa nikikupangusa wewe. Kisha nimekirudisha kidakani, bila kukifunika.

Basi nyamaza, mwanangu. Nimenenepa.

Mama yako